Sauti Iliyobaki Sikioni

Kambi ya daraja, 4 Machi

Mdogo wangu,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa nambembeleza wifi yako anikubali, na ilijaa makosa ya herufi mpaka leo sijui kama alinipenda au alinihurumia. Lakini nifanyeje? Nikikupigia simu hupokei. Nikikutumia ujumbe unanijibu "mzima, nashukuru", kama unamjibu mtu wa benki. Basi nimeandika, na dereva wa lori la saruji ameniahidi kuishusha huko mjini.

Huku tunasonga. Nguzo ya tatu imesimama, na mimi nashinda juu yake nikichomelea vyuma, chini yangu maji, juu yangu jua. Vijana wa genge letu wananiita Mzee Cheche. Nimewakatalia hilo la uzee, hawasikii.

Nakuandikia kwa ajili ya mwanangu. Kabla hujaanza kunyamaza nilikwambia kwamba amepata nafasi kwenye chuo cha wahudumu wa magari ya wagonjwa, hapo hapo mjini kwenu, nikakuomba akae kwako. Ulisema utanijibu. Chuo kinafunguliwa mwezi wa sita na mimi bado nasubiri. Kazi yako ya kupokea simu za dharura ndiyo iliyomtia wazimu huo. Wenzake wakiimba nyimbo za mapenzi, yeye alikuwa anafunga bendeji kwenye miguu ya meza.

Na kama nimekukosea, niambie. Nimejipekua mpaka nimechoka. Nimesema labda ni ule utani wangu mbele ya wageni, kwamba wewe unalipwa kwa kukaa kitini na kupiga soga kwenye simu. Kama ni huo, nimeumeza.

Kaka yako,
Mzee Cheche


Mjini, 11 Machi

Kaka,

Barua imefika, na vumbi la saruji juu yake. Nimeifuta kwa kanga nikaisoma mara mbili.

Hujanikosea kitu. Simu yangu ndiyo mbovu, ilitumbukia kwenye ndoo nikifua, na sasa haitoi sauti inavyopaswa. Kazini ni pilikapilika kama kawaida, narudi nimechoka.

Kuhusu binti, naomba mnisamehe, mwaka huu haitawezekana. Chumba cha pili kinavuja na fundi amebomoa dari yote. Halafu, kaka, kwa nini asisome kitu kingine? Kichwa chake cha hesabu ni kizuri sana. Apelekwe kwenye upimaji wa ardhi, au uhasibu, kazi ambayo mtu anafunga ofisi jioni na kuiacha palepale.

Msalimie wifi yangu. Mwambie yale maharage yake bado nayaota.

Mdogo wako


Kambi ya daraja, 20 Machi

Mdogo wangu,

Fundi gani huyo aliyebomoa dari? Nilipanda mlimani kutafuta mtandao nikampigia Mama. Nikamuuliza habari ya nyumba yako, akasema dari ipo pale pale ilipokuwa siku zote, na anaijua kwa sababu alikuja kwako wiki iliyopita.

Akaniambia na mengine. Kwamba alikukuta nyumbani mchana, siku ya kazi, umekaa jikoni na mapazia umeyafunga. Kwamba simu yake ilipolia mkobani, uliinuka ukatoka uani bila kuaga, na alipokufuata alikukuta umeegemea tangi la maji, macho umeyafumba. Mama anadhani umefukuzwa kazi na unaona aibu kusema. Wifi yako anadhani una mwanamume. Mimi nilidhani umetuchoka.

Kama humtaki mwanangu nyumbani kwako, sema humtaki. Nitaumia na nitapona. Lakini usinidanganye na dari, mimi nimejenga tangu sijaota ndevu.

Usipojibu safari hii, nakuja mwenyewe juu ya lori la saruji.

Kaka yako


Mjini, 2 Aprili

Kaka,

Umenishika. Usipande lori. Nakueleza.

Simu si mbovu. Iko kabatini, nimeivingirisha kwenye taulo. Mimi ndiye siwezi kuiweka sikioni. Nikijaribu, moyo unaenda mbio, viganja vinaloa, na namsikia mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana nilifurahi ulipoandika. Karatasi haina sauti.

Sijafukuzwa. Nimepumzishwa.

Ilikuwa Januari, saa nne asubuhi, saa ambayo kwa kawaida tunapata watoto waliomeza sarafu na wazee walioteleza bafuni. Ikaingia simu ya mwanamke. Alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kidogo cha kushona sare, ghorofa ya juu. Moto ulikuwa umeanzia ngazini chini. Wenzake walikuwa wametoka. Yeye alikuwa ndani kabisa, nyuma, kwenye stoo ya vitambaa, na kwa kelele za vyerehani hakusikia walipopiga mayowe. Dirisha la stoo lilikuwa na nondo.

Nikamwambia tunavyofundishwa. Funga mlango. Lowesha kitambaa uzibe chini yake. Kaa chini karibu na dirisha. Wanakuja. Akafanya yote. Kaka, katika miaka yangu yote sijapata mtu aliyenisikiliza vizuri kama yule mama. Alikuwa na dumu la maji ya kunywa, akalimwaga lote mlangoni kama nilivyomwambia.

Akaniuliza jina langu. Huwa hatusemi, lakini nilimwambia. Toka hapo akawa ananiita kwa jina, kama tuliochota maji pamoja. Akasema vitambaa vilivyomzunguka ni vya sare za shule, vya kijani, na kwamba bosi wake asije kesho akamsingizia kwamba amepoteza hata kipande. Tukacheka. Ndani ya moshi ule, mimi na yeye tukacheka.

Halafu akasema, "Usikate."

Nikasema, "Sikati."

Magari yetu yalipofika niliyasikia kupitia simu yake. Nikamwambia, "Unawasikia? Hao ni wetu." Akasema anawasikia. Hakusema kingine tena.

Sikukata. Msimamizi wa zamu ndiye aliyekuja kunivua hedifoni kichwani, akazizima mwenyewe.

Hawakumfikia, kaka. Na mimi ndiye niliyemwambia akae.

Nilirudi kazini kesho yake na siku nyingine nyingi baada ya hapo. Wenzangu walisema nina roho ya chuma, nami nikaamini. Mpaka siku moja akapiga mwanamume, anataka tu kuelekezwa hospitali iliyo karibu, nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Akawa anasema halo, halo. Jirani yangu wa meza akaipokea.

Sasa unajua. Binti yako nampenda kama wa kwangu, na ndiyo sababu sitaki akae kwenye kiti cha aina hii, wala ndani ya gari la aina ile. Usimwambie Mama mpaka nitakapopata namna ya kumwambia mimi.

Mdogo wako


Kambi ya daraja, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Niliisoma barua yako wakati wa chakula, nikiwa nimekaa juu ya rundo la mabomba. Kengele ya kurudi kazini ililia na sikuinuka. Msimamizi akaja na maneno yake, akaniona uso, akageuka akaenda zake.

Sijui niandike nini. Mimi ni mtu wa vyuma. Nimefuta mistari mingi hapa, yote ilikuwa ya kukwambia usijilaumu, na nikaona maneno hayo umeshaambiwa na kila mtu na hayajakusaidia.

Nitakwambia ninalolijua tu. Yule mama alikuwa na mtu. Mpaka mwisho alikuwa na mtu anayemwita kwa jina. Mimi huku juu nikiteleza nitaanguka peke yangu na upepo. Niliwahi kuifanyia mzaha kazi yako na leo nakuambia kwamba sijui mtu mwingine katika ukoo wetu, hata ukinihesabu mimi ninayejidai kwa kupanda nguzo, ambaye angebaki kwenye ile simu. Mimi ningekata. Naapa ningekata, nikatoke nje nikatapike.

Sasa niambie, nani anakuangalia? Mama anaweza kukaa na wewe. Au hapo kazini wana daktari? Vijana wa huku wanasema mtu akipelekwa kwa washauri ndiyo basi, jina lake limeshaandikwa pamoja na ya wenye akili pungufu. Nimewaambia wanyamaze, lakini ukweli ni kwamba hata mimi sijui hao watu wanafanya nini. Wanakupa dawa? Wanakuuliza habari za utotoni? Kama watauliza, usiwaambie ile habari ya mimi na mzinga wa nyuki.

Kaka yako


Mjini, 28 Aprili

Kaka,

Habari ya mzinga nimeshaitoa. Alicheka mpaka akafuta miwani.

Nazungumzia mshauri wetu. Tunaye tangu mwaka jana na tulikuwa tunamkimbia. Walimpa chumba mwisho wa korido, kando ya stoo ya mafagio, hivyo ukionekana unaelekea upande ule kila mtu anajua unaenda wapi. Tukawa tunazunguka jengo zima ili tusipite mlangoni kwake. Tukampa jina la Mama Pole, kwa sababu siku ya kwanza alisimama mbele yetu na neno lililomtoka lilikuwa hilo: "Poleni." Basi, akakaa. Kijana wa zimamoto akijigonga kidole kwenye kabati, mwenzake anamwambia, "Nenda kwa Mama Pole," wanaangua kicheko.

Alipoona hatuendi chumbani kwake, alikiacha chumba. Akaanza kuja na chupa yake ya chai, anakaa nasi kwenye chumba cha simu. Akaomba afundishwe ramani na alama zetu za redio. Akapanda magari ya wagonjwa na kushinda nayo. Aliwahi kuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, kwa hiyo damu haimtishi. Polepole tukamzoea kama tunavyozoeana wenyewe. Siku sauti iliponikauka, yeye ndiye aliyevuta kiti kando yangu. Hakunishika, hakuniuliza kitu. Alikaa mpaka nikaweza kusimama, akanisindikiza mpaka nje.

Umeuliza anafanya nini. Jambo la kwanza, aliniambia kwamba sijachanganyikiwa. Alisema mwili wangu unajaribu kunilinda, ila haujapata habari kwamba hatari imepita, na kazi yetu ni kuupelekea hiyo habari. Akanifanya nisimulie ile asubuhi, toka simu inaingia. Nikiruka mahali, ananirudisha taratibu: "Hapo ulisikia nini?" Mara ya kwanza nilifika kwenye dumu la maji nikashindwa. Akasema inatosha, tukanywa chai, tukaongea habari za kuku wake. Anafuga kuku wakorofi. Safari nyingine nikafika mbele zaidi. Kulikuwa na simu iliyozimwa juu ya meza, mbali, na kila nikija naikuta imesogea karibu kidogo. Juzi niliiweka sikioni ikiwa imezimwa. Nililia kama mtoto, lakini sikuitupa.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita.

Aliniuliza kama ningependa kuonana na sajini wa zimamoto aliyeongoza gari la kwanza siku ile. Kaka, sauti ya yule mtu naijua kuliko sauti za baadhi ya ndugu zetu. Kwa miaka nimemtuma kwenye moto kwa redio, naye ananijibu, "Nimepokea, tunaelekea." Uso wake sikuwahi kuuona. Wanamwita Ngazi, nikajua ni pande la mtu, refu. Akaingia bwana mfupi, kiganja kimefungwa plasta, ameshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa shuleni kwa kosa la mwanawe.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia anisamehe. Hakunipa nafasi. Akasema, "Nimekuja kwa sababu wewe uliniambia yuko nyuma, na mimi nikapita mbele."

Nikamwambia sielewi.

"Kwenye redio. Ulisema, yuko nyuma, dirisha lina nondo. Nilikusikia vizuri. Lakini ule uchochoro wa nyuma ulikuwa umejaa magari yaliyoegeshwa. Nikasema kuyaondoa kutatuchelewesha, nikapeleka watu wangu kwenye ngazi. Ngazi ikaporomoka. Tulipofika nyuma na mkasi wa nondo ilikuwa basi tena. Tangu siku ile nikilala naona ule uchochoro."

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia afunge mlango akae."

Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu. "Dada, nje ya ule mlango korido nzima ilikuwa inawaka. Angefungua, angekwisha palepale. Ningekuwa mimi kwenye simu ningemwambia hivyo hivyo."

"Na magari yale," nikasema, "yangechukua muda gani kuyavuta? Mimi ningekuwa pale ningepita mbele."

Mama Pole alikuwa kwenye kona, hajasema neno tangu tukae. Ndipo akasema, "Mmesikia mlichoambiana? Sasa kila mmoja ajaribu kujiambia mwenyewe. Itachukua muda, na mimi nipo."

Hakutuambia kwamba hatuna kosa. Hakusema ilikuwa mapenzi ya nani. Alijua kwamba kuna watu wawili katika mji huu wanaobeba mzigo mmoja, kila mmoja akidhani ni wake peke yake, akawaweka kwenye meza moja. Sijapata kumheshimu mtu kama ninavyomheshimu yule mama, na mimi ni miongoni mwa waliomkimbia.

Sajini alipoaga alinisalimu kwa saluti. Mimi mtu wa kitini.

Mdogo wako


Kambi ya daraja, 9 Mei

Mdogo wangu,

Nimefanya kosa. Nilikwenda nyumbani mwisho wa wiki na barua zako nikiwa nazo kwenye begi. Nikaoga, nikalala, nikaamka nikamkuta mwanangu amekaa kizingitini anazisoma. Zote. Nikajiandaa kumgombeza, lakini alikuwa analia kwa namna ambayo mtu huwezi kumgombeza.

Nikafikiri angalau sasa ameelewa, ataacha. Nikamwambia, "Umeona? Hiyo ndiyo kazi unayoitaka." Akafuta macho kwa upindo wa gauni, akasema, "Baba, sasa ndiyo naitaka." Eti kumbe hata walio imara wanaangushwa, na kumbe kuna watu wa kuwainua. Eti alichokuwa anaogopa ni kwamba angekuwa peke yake na moyo wake.

Mama yake anasema aende. Mimi naogopa. Nimekaa juu ya nguzo wiki nzima nikimwaza. Wewe anakusikiliza kuliko sisi sote. Mwandikie mstari mmoja tu, mwambie shangazi amesema hapana, tutafute hicho chuo cha upimaji wa ardhi. Nakuomba.

Na wewe je? Umeongeza uzito? Mama anasema mapazia umeyafungua.

Kaka yako


Mjini, 1 Juni

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa nasubiri niwe na jibu lililo la kweli.

Mama nimemwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia jikoni akapika, akanisimamia nile. Siku hizi akija anaizima simu yake mlangoni bila kuambiwa, nami namwambia aiwashe tu, nijizoeshe.

Jumatatu nilirudi kazini. Zamu fupi, ya asubuhi, Mama Pole kiti cha pembeni, na jirani yangu wa meza akiwa tayari kupokea endapo nitakwama. Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya babu mmoja ambaye mkewe amepaliwa na nyama. Nilimwelekeza asimame nyuma yake, amkumbatie tumboni, avute kwa nguvu. Nikasikia bibi anakohoa, halafu nikamsikia anamfokea mumewe kwa kumbana mbavu. Chumba kizima kilicheka. Nilishuka chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Sijapona kabisa. Vitambaa vya kijani bado vinanisimamisha njiani. Lakini najua la kufanya nikisimama.

Kuna jambo lingine. Mama Pole anachagua watu wachache kutoka kila kikosi awafundishe kuwapokea wenzao baada ya kazi nzito: kukaa nao, kusikiliza, kujua ni wakati gani wa kumwita yeye. Anasema yeye ni mmoja na sisi tuko wengi, na mwenye sare anamwamini mwenye sare. Amemchagua Ngazi. Amenichagua na mimi. Nilimwambia mimi mwenyewe bado nachechemea. Akasema hao ndio anaowatafuta.

Kwa hiyo, kaka, sitaandika huo mstari. Umeniomba nimkatalie kwa jina langu na siwezi. Mtoto ameona ubaya wa kazi hii kwa maandishi yangu mwenyewe na bado anaitaka. Ni wangapi wetu tulianza tukiwa tunajua hayo? Mlete. Dari haivuji. Nimemnunulia chandarua na mto, na chumba kina dirisha linalofunguka.

Nitamwangalia. Siwezi kukuahidi kwamba hataumia. Nakuahidi kwamba hataumia akiwa peke yake.

Mdogo wako


Mjini, 15 Novemba

Baba,

Shangazi amesema nikuandikie badala ya kukupigia, ili niandike polepole na wewe usome polepole. Usiogope, mimi ni mzima.

Unajua kwamba tumeanza mazoezi ya vitendo, tunapangiwa gari pamoja na dereva na mhudumu mzoefu. Dereva wangu haongei. Wanamwita Bubu, naye anaitika. Alhamisi mchana tuliitwa kwenye jengo linalojengwa, jukwaa la mafundi lilikuwa limeanguka. Tukampakia mtu mzima mmoja. Alikuwa na glavu za ngozi, ndefu, zenye matundu ya cheche. Baba, zilikuwa kama zako. Hata harufu.

Alikuwa na fahamu. Nilimshika mkono, mhudumu mkubwa akishughulika na damu. Akaniuliza kama kuna mtu amezima mashine yake. Nikamwambia nimeizima mimi. Alitulia. Hatukufika naye hospitali.

Tulirudi kituoni bila king'ora. Nilikuwa nafikiri tutaosha gari, tutajaza vifaa, tutatoka tena, maana ndivyo wazee wanavyosema ilivyokuwa zamani. Bubu alipokata kona kuingia getini, nikawaona. Walikuwa wamesimama uwanjani, mvua inanyesha. Shangazi alikuwa mbele, na hakuwa zamu, alikuwa amevaa kandambili. Kumbe mwenzake wa chumba cha simu alimpigia nyumbani, akamwambia tu, "Ni fundi wa kuchomelea, na binti yenu yumo garini." Alikuwa ameacha chungu motoni, Bibi ndiye aliyekiepua. Sajini Ngazi alikuwepo, mfupi kweli kama ulivyosoma, na Mama Pole na mwavuli ambao hakuna aliyekuwa chini yake.

Walisubiri tushuke. Shangazi hakunikumbatia mbele za watu, alijua ningeanguka. Alinipa ndoo. Tukaosha gari, sisi sote, hata Mama Pole. Bubu alisema yeye hahitaji mambo ya kukaa na kuongea, ana miaka kibao barabarani. Shangazi akamjibu, "Sawa, bwana, nishikie bomba basi." Wakawa wanaosha magurudumu ambayo yalikuwa safi tayari. Nilikuwa nyuma ya gari nikamsikia Bubu akianza kusema. Alianza na mtoto mmoja wa zamani sana, wa kisima, tangu mimi sijazaliwa. Shangazi hakuacha kuosha, aliinama palepale akiitikia, "Ehe," na "Halafu?" mpaka bomba likafungwa na mtu na wao hawakuona. Baba, nimemtazama shangazi yangu nikasema hapa ndipo ninapotaka kufika.

Zamu yangu ya kusimulia ilipofika, tuliingia ndani, tukakaa. Akaniambia nianzie popote. Nikaanzia kwenye glavu. Nilimwambia kwamba nilidanganya kuhusu mashine, sikuwa nimeizima, sikujua hata iko wapi, na kwamba ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Shangazi akasema, "Kesho asubuhi twende tukaangalie."

Tulikwenda. Mafundi walituonyesha. Ilikuwa imezimwa. Kijana mmoja wa pale aliizima mara tu baada ya ajali, na alipojua kwa nini nimeuliza, alikaa chini akalia, kwa sababu hakuwa amemwambia mtu. Shangazi akakaa naye kwenye matope, na viatu vyake vizuri vya kazini.

Uliogopa kwamba kazi hii itaniumiza. Imeshaniumiza. Jumatatu narudi kwenye gari, kwa hiari yangu, na Bubu ameniletea koti la mvua la saizi yangu.

Na wewe, Baba, ukipanda juu ya nguzo funga mkanda wako wa usalama. Kila siku, hata kama ni kazi ya dakika moja, hata vijana wakikucheka. Sikuombi. Nakuagiza.

Mwanao